Daraja ya Kambi Muru

Hii hautaamini, na hakuna mtu atakulaumu, juu hata Awiti mwenyewe aliiona na macho yake, akaishika na mkono, na bado akabaki anajiuliza kama ameamka ama bado amelala.

Awiti anakaa Kambi Muru, huku Kibera, na anauza samaki ya kukaanga hapo mlangoni. Mtoto wake, Mitchelle, anasoma ng'ambo, Soweto West. Katikati kuna ule mto mweusi, na kuvuka ni kwa nguzo ya stima yenye ilianguka kitambo, wasee wakailalisha hapo. Jua ikiwaka unapita ukipiga story. Mvua ikinyesha, hiyo nguzo inateleza kama sabuni. Mvua kubwa ya mwisho, Mitchelle aliteleza akabebwa na maji. Kilichomuokoa ni begi ya shule, ilikwama kwa mabati ya choo ya mtu.

Tangu hiyo siku Awiti huota daraja. Si ati anaitamani tu. Anaota, macho yamefungwa kabisa. Mvua ikianza kugonga mabati, daraja nayo inakuja polepole: reli za buluu, chini simiti, upana wa kupitisha mkokoteni. Maji yanapita hapo chini kimya, ni kama yamekatazwa kuongea. Mitchelle anavuka na soksi nyeupe, kavu, hata haangalii chini. Halafu Awiti anaamka, na ile kona ya kitanda imelowa juu paa inavuja.

Sasa, kuna hizi mikutano za bajeti. Kila mwaka wananchi wanaitwa waambiwe pesa ya mtaa imefanya nini. Ripoti inasomwa mbio mbio, mmoja anasema "napendekeza," mwingine anasema "naunga mkono," makofi, kisha soda na mandazi zinatoka. Bila wa kuunga mkono, ripoti haipiti. Na Awiti alikuwa na sauti ya hiyo kazi, manze, inafika hadi nyuma ya hema bila mic. Obonyo, mwenyekiti wa kijiji chao, alikuwa anamuita Madam Seconder. Awiti aliichukulia kama amina ya kanisa. Sasa nani hukataa amina?

Mwaka huu watu wa Kibera na wa Kawangware waliwekwa kikao kimoja, kwa hema huko Kawangware. Asubuhi ilikuwa ya baridi, ukungu umeshuka hadi kwa viatu. Kabla mambo ianze, Awiti akatoka kutafuta choo. Akapita nyuma ya maduka, akainama chini ya kamba za nguo, shuka nyeupe zikimgusa uso moja baada ya nyingine, na sauti za watu zikawa mbali, zikawa laini, zikaisha.

Akaona buluu.

Reli za buluu. Simiti. Upana wa mkokoteni. Imetoka kwa ukungu hivyo tu, imetulia, ni kama ilikuwa inamngoja. Chini yake hakuna mto. Kuna nyasi, na kuku wanachakura.

"Sasa, mum," mtu akasema. Alikuwa mama mwenye plot, anaitwa Njambi, ameshika duvet mabegani. "Unatafuta nyumba? Kuna bedsitter moja imebaki."

"Hii daraja inavuka nini?"

"Hii?" Njambi akacheka hadi duvet ikateleza. "Haivuki kitu, mami. Inaanika."

"Nani alijenga?"

"Walikuja na lori. Wakasema kule inatakiwa lori haiingii, ati wajenge hapa kwetu wapate picha, ingine watapanga baadaye. Nikawaambia sawa, bora msinizibie gate. Wakapiga picha, wakakata utepe, hata keki tulikula. Sijawaona tena." Akatandaza duvet kwa reli, akapapasa kale kakibao ka bati kamepigiliwa hapo. "Na wakaacha na jina."

DARAJA YA KAMBI MURU.

Awiti akapanda. Akatembea hadi katikati, mkono kwa reli, na haki ya Mungu alisikia maji. Aliyasikia yakipita chini ya kuku. Alisimama hapo hadi Njambi akamuuliza kama ni pressure imemshika.

Aliporudi kwa hema, Kabiru wa kamati ya miradi alikuwa anasoma ripoti, ashafika kwa miradi ya Kibera. "Daraja ya Kambi Muru," akasoma, "imekamilika na inatumika." Mzee mmoja wa Kawangware akapendekeza. "Seconder?" Obonyo akamdunga Awiti na kiwiko.

Awiti akasimama. "Bwana Kabiru, ni ukweli inatumika. Nimetoka huko saa hii. Iko hapa nyuma, imeanikwa duvet."

Hema yote ikaangua kicheko. Kabiru hakucheka. Akasema watu wanyooshe miguu kidogo, akakuja akachuchumaa kando ya kiti ya Awiti na sauti ya upole, kama daktari.

"Mathe, niskize. Tukiacha imekamilika, bajeti ijayo naweka ukarabati. Ukarabati haina maswali. Utapata yako, ya ukweli, kabla mvua kubwa. Lakini tukiandika haiko, hiyo ni maneno ya wakaguzi. File inafungwa. Hakuna hata jiwe itawekwa huko hadi wamalize, na hao hawamalizangi."

"Na hiyo ya ukarabati itajengwa wapi?"

"Huko huko kwenu, mathe."

"Na hii ilikuwa ijengwe wapi?"

Obonyo akainama kwa sikio la Awiti. "Nyaminwa, dada yangu, tafadhali usituharibie. Mtoto ni wako, lakini ile nguzo tunavuka sisi wote."

Kamvua kakaanza kugonga hema. Awiti akafunga macho bila kupenda, na daraja ikakuja vile hukuja. Mitchelle akapanda, soksi nyeupe, haangalii chini. Akavuka vizuri kabisa. Alipofika ng'ambo hakukuwa na shule. Kulikuwa na gate ya plot na duvet zinapeperuka, na mtoto amesimama anageuka geuka, hajui anaenda wapi.

"Seconder?" Kabiru akaita tena, sasa na mic.

"Siungi mkono," Awiti akasema.

Kabiru akaangalia safu ya kwanza, akaangalia ya nyuma. Hakuna mwingine aliinua mkono, na ripoti ikalala hapo hapo.

Wakaguzi walikuja kweli. Walipima ile daraja ya Kawangware, wakaizungushia utepe wa njano, wakaenda na mafaili yao. Kambi Muru hakuna kitu imejengwa. Mvua kubwa imeanza, na kila asubuhi Awiti anapanda ile nguzo na Mitchelle mgongoni, akipapasa na vidole vya miguu kabla aweke uzito. Kuna majirani humshika mkono akifika ng'ambo. Kuna wenye waliacha samaki yake wakaanza kununua kwingine. Obonyo akimuona, anajifanya anasoma simu.

Sasa wewe, kama ungekuwa umesimama kwa ile hema, mic inangoja, na ni mtoto wako wa kuvuka kesho, ungesema aje?