Chipu Zilizogeukia Mashariki

Kabla ya kugusa ndoo, Dativa alivaa ovaroli nyeupe, kofia ya kitambaa, barakoa, glavu, na mifuko ya plastiki juu ya viatu, halafu akasimama kwenye kijichumba kinachompuliza mtu vumbi limtoke kabla hajaingia. Simu aliiacha mlangoni, kama watu wote. Ndani ya chumba safi alideki sakafu ambayo haikuwa na uchafu, akafuta mashine ambazo bado zilikuwa ndani ya nailoni zilizokuja nazo. Hizo nailoni ndizo alizozifuta. Mashine zenyewe hakuwahi kuziona.

Jengo lilikuwa pembeni ya mji wa Maskati, nyuma ya barabara ya uwanja wa ndege, na halikuwa na dirisha hata moja. Serikali ilikuwa imetoa fungu ili chipu za kompyuta zitengenezwe nchini na utafiti wake ufanywe nchini, watu wasiwe wanangoja za wenzao. Fungu la kwanza lilijenga jengo. La pili lingetoka kamati ya serikali ikishaiona chipu ya nyumbani kwa macho yake. Dativa alipoajiriwa, alimpigia dada yake Bukoba akamwambia amepata kazi kiwanda cha chipsi, na dada yake akauliza mafuta wanatumia gani. Ilichukua muda kuelewana.

Chipu zilifika ndani ya sanduku la nguo la mudiri, mkuu wa kiwanda, Bwana Yaqdhan, kila aliporudi safari. Aliyezipokea ni Muhsina, msichana wa Kiomani ambaye wazee wake walizaliwa Unguja. Kazi yake ilikuwa kuzisugua mgongoni kwa spiriti na msasa mwembamba mpaka jina la zilikotengenezwa lifutike, kisha kuziweka chini ya mashine ya mwanga, ambayo ndiyo peke yake iliyotolewa nailoni, ili ichape jina la hapa. Bwana Yaqdhan aliiita kazi hiyo kumalizia. Muhsina alikuwa amesomea uhandisi akitarajia kuanza.

Zikishachapwa, zilipangwa kwenye trei nyeusi. Kila chipu ilikuwa na kidoti kimoja kwenye pembe. Hata chai haikuwahi kupoa kabla hazijageuka. Ziligeuka polepole, zote, mpaka vidoti vyote vikatazama mashariki, na hapo zikatulia. Muhsina alizipanga upya asubuhi na mchana, kama mtu anayetandika kitanda cha mgonjwa, wala hakulalamika.

"Dada Muhsina," Dativa alisema siku moja akikamua dekio, "chipu zenu zinasali."

Alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye nyumba ambayo kila kitu kilipimwa kwa kibla, kitanda, kochi, hata tundu la choo, kwa hiyo hakuona ajabu chipu nazo kuwa na upande wao.

Muhsina alicheka ndani ya barakoa. "Zinasali wapi, mwenzangu? Kibla kile pale." Alionyesha kwa kidole, ng'ambo ya kioo, dari ya chumba cha kusalia, ambako kulibandikwa mshale wa kijani. "Hizi zimeipa Makka mgongo. Zinatazama kwao."

"Kwao wapi?"

"Huko zilikotengenezwa. Kwani wewe? Nnakuona kila siku ukila, umekaa umeelekea kwenu."

"Mimi nakaa penye ubaridi wa eisii."

"Haya, na eisii iko Bukoba."

Bwana Yaqdhan alikuwa amesimama nyuma ya kioo. Hakucheka.

Wiki hiyo hiyo alikuja Muhandisi Safwan wa kamati, peke yake, bila kuarifu mtu. Alikuwa mzee mwenye kilemba kilichofungwa vizuri na macho yasiyokuwa na haraka. Alichukua chipu moja akaiweka kiganjani. Ikageuka. Akaihamishia kiganja cha pili. Ikageuka tena.

"Yaqdhan," alisema, "mtoto wa nyumbani huyu anatafuta nini nje?"

"Zinaelekea kibla, sheikh," alijibu Bwana Yaqdhan. "Ndivyo zinavyotoka. Sisi wenyewe tunashukuru."

Mzee alitazama kushoto na kulia. Alikuwa amepitishwa korido nyingi mpaka hakujua tena upande. "Na kibla humu ni upande gani?"

"Chumba cha kusalia kinapakwa rangi, sheikh. Mkija na wenzako mtakiona."

Muhandisi Safwan alirudisha chipu kwenye trei na kuondoka bila kunywa kahawa. Bwana Yaqdhan akamwita Dativa.

"Bataka yako inakwisha mwezi huu?"

"Ndiyo, mudiri."

Bataka ni kile kitambulisho cha kuishi nchini, na kisingetoka upya bila saini yake. Bila bataka Dativa angepandishwa ndege, na kwao hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa na kazi.

"Ntatia saini, usiwe na tabu. Kwanza chukua ngazi." Alimpa mshale mpya wa kijani ndani ya karatasi yake. "Ule wa zamani ubandue. Huu uuelekeze mlango wa bafu."

"Mudiri, bafu si ndiko mashariki?"

"Wewe Mkristo. Haikuhusu."

"Wanaosali inawahusu."

"Wanaosali hawana muda wa kupanda ngazi," alisema Bwana Yaqdhan, akamshikia ngazi yeye mwenyewe.

Dativa aliubandika. Aliufuatisha na mistari ya vigae ili usipinde, akaukandamiza kwa kiganja mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Misala ikageuzwa.

Kamati ilikuja yote, nguo nyeupe, manukato ya udi, simu mlangoni. Walionyeshwa nailoni na wakaambiwa mashine zinalindwa na vumbi. Walionyeshwa trei. Adhana ya adhuhuri ilipotoka kwenye spika, waliingia chumba cha kusalia, na mmoja wao akaingia na chipu kiganjani. Kidoti na mshale vilielewana. "Mashallah," alisema, na wengine wakaitikia. Wakapanga safu, wakasali wameipa Makka mgongo.

Muhsina alikuwa nyuma, upande wa wanawake. Alitazama dari kwa muda. Alimwambia jirani yake kwamba udhu umemtoka, akapita mlango wa bafu, na hakurudi.

Wageni walipotoka nje, Muhandisi Safwan alibaki nyuma ya wenzake kwenye jua. Alitazama kivuli chake chini kilivyoanza kulala upande wa mashariki, akatazama jengo, akatazama kivuli tena. Bwana Yaqdhan alisimama karibu naye na kusubiri.

"Joto kali leo," mzee alisema, akaingia kwenye gari.

Fungu la pili lilipitishwa.

Siku iliyofuata Muhsina alimkuta Dativa akisuuza vitambaa.

"Nani aliubandika?"

Dativa hakuinua uso. "Mimi."

"Nlijua. Umenyooka. Ami Yaqdhan hata picha ukutani hawezi kutundika ikakaa sawa." Alimwita ami, kama baba mdogo, kwa heshima ya wazee wao tu, na siku hiyo neno lilimtoka kavu. "Na kwa nini hukunambia, Dativa? Mtu nnakula naye."

"Bataka yangu iko mezani kwake, dada."

Muhsina alichukua kitambaa kimoja akakikamua, ingawa hiyo haikuwa kazi yake. "Ikitoka, utaubandua?"

"Nitaubandua."

"Haya."

Bataka ilitoka. Ilikuwa na picha mpya ya Dativa, na ilikuwa ya miaka miwili. Aliitazama mbele na nyuma. Alikwenda stoo, akaishika ngazi, akasimama nayo hivyo mpaka mkono ukamuuma, halafu akaiachia ikaegemea ukuta. Miaka miwili nayo ingekwisha, na saini ingekuwa ya mtu yule yule. Muhsina alimwona akitoka mikono mitupu. Siku hiyo hakula naye.

Toka hapo Muhsina alisalia nje, kwenye maegesho, katikati ya gari lake na gari la mlinzi. Lami ilikuwa ya moto na msala ulikuwa mwembamba. Siku ya kwanza alirudi ndani magoti yamemwiva. Siku ya pili Dativa alimfuata na boksi. Mizigo ya chipu sasa ilikuja mchana kweupe, kwa lori, na maboksi matupu yalijaa mpaka mlangoni, yakiwa na maandishi ya huko yalikotoka ubavuni ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuyafuta. Dativa alilichana boksi, akalitandaza juu ya lami, akarudi nyuma.

Muhsina alilitazama boksi, akamtazama yeye. Alitandika msala juu yake, akaelekea magharibi, akafunga sala.

Alipofika rakaa ya pili boksi lilianza kugeuka. Liligeuka polepole, pamoja na msala, pamoja na Muhsina, likimpeleka mashariki. Aliye kwenye sala haongei. Dativa alichuchumaa nyuma yake, akazishika pembe mbili za boksi kwa mikono yake, akalirudisha lilipokuwa. Likavuta. Naye akavuta. Lami ilimchoma vifundo vya vidole na hakuachia mpaka Muhsina alipotoa salamu, kulia na kushoto.

"Kesho njoo na glavu," Muhsina alisema akikunja msala.

Kesho yake Dativa alikuja na glavu. Mlinzi naye aliomba boksi lake, na wasichana wawili wa upande wa ofisi, na kila mmoja akatafuta mtu wa kumshikia. Bwana Yaqdhan alipita na gari katikati yao, akapunguza mwendo ili asiwarushie vumbi, akaenda uwanja wa ndege kupokea mzigo.