Mkwe na Vifuniko Sitini

Mashine mpya tuliipa jina la Mkwe. Ilitengewa chumba chenye kiyoyozi, haikuguswa bila glavu, na ikinuna, maabara nzima inanuna. Kazi yake ndiyo iliyokuwa yangu kwa miaka kumi na tisa: kudondosha asidi kwenye unga wa makombe ya kale ya baharini, kunasa gesi inayotoka na kuipima, ili wasomi wajue bahari ya enzi hizo ilikuwa na joto kiasi gani. Mimi nilitumia mikono miwili na miwani. Mkwe ana mkono mmoja wa chuma wenye sindano, na haombi ruhusa ya kunywa chai.

Mkuu wa maabara hakuzunguka mbuyu. "Shangazi," aliniambia, maana pale kazini wote wananiita hivyo, "Alhamisi wageni wanakuja kumwona. Akimaliza vichupa sitini peke yake, wewe unahamia stoo." Akanikabidhi na ufunguo kabisa. Stoo kuna maboksi ya glavu na panya. Iliniuma, sifichi.

Jumatano akachungulia mlangoni nikiwa naandaa vichupa, kila kimoja na unga wake na kifuniko chenye mpira katikati, pa kupitisha sindano. "Kesho ndiyo kesho. Kaza, Shangazi! Kaza kwelikweli!"

Nikakaza. Kichupa kikivuja gesi, jibu limeharibika, kwa hiyo nikaona bosi kasema la maana. Nilichukua koleo, nikavikaza vifuniko vyote sitini mpaka viganja vikawaka moto.

Alhamisi wageni wakajipanga, Mkuu kapiga tai. Mkono wa Mkwe ukashuka taratibu juu ya kichupa cha kwanza. Tik! Sindano ikapinda kama ndoano.

Fundi wa mashine akakichomoa kichupa. Mpira wa kifuniko ulikuwa umebanwa hadi ukatuna, mgumu kama tumbo la aliyeshiba.

"Nani kakaza hivi?"

"Mimi."

Nikajua wanachowaza: mama huyu kamwonea Mkwe wivu. Nikamgeukia Mkuu. "Si wewe mwenyewe uliniambia nikaze?"

"Nilimaanisha ujitahidi!"

"Sasa hapo sijajitahidi?"

Mgeni mmoja alicheka mpaka akaomba kiti.

Fundi alikuwa na sindano moja tu ya akiba. Nikaomba dakika ishirini, nikavilegeza vifuniko vyote na kuvifunga upya kwa vidole, dole gumba likipapasa mpira hadi ulale bapa. Mkwe akachoma vyote sitini bila kununa.

"Kwani mwenyewe hawezi kufunga?" Mkuu akauliza.

"Huyu anajua kuchoma tu," fundi akajibu.

Wageni walipoondoka, fundi akafungua kijitabu cha maelekezo. "Shangazi, niandike vikazwe kiasi gani?"

Nikamshika dole gumba, nikaliweka juu ya kifuniko. "Hapo."

"Hapo ni ngapi?"

"Hapo ni hapo."

Akakuna kichwa, akaandika maneno mawili. Mkuu akainama, akayasoma kwa sauti: "Muulize Shangazi."

Kisha akaninyooshea kiganja. Nikamrudishia ufunguo wa stoo.