Mteja Hupimwa Akiwa Amesimama

Mimi ni mwalimu wa ushonaji, na hasira zangu zinajulikana hadi kwa mlinzi wa getini. Kwa miaka ishirini na tisa nimewafundisha wanafunzi wa chuo chetu kanuni moja kabla hawajashika mkasi: mteja hupimwa akiwa amesimama, na mwanafunzi hufundishwa akiwa amenyamaza. Kwa hiyo Mkuu wa chuo aliponiambia kwamba darasa langu litashona pamoja na chuo kimoja cha ng'ambo, kwa njia ya kompyuta, nilicheka mpaka miwani ikanidondokea juu ya gauni.

"Mkuu, kitambaa hakipapaswi kwenye kioo."

"Mwalimu, kuwapeleka wote ng'ambo hatuwezi," akasema. "Acha basi ng'ambo ije hapa."

Mpango ulikuwa hivi. Kila mwanafunzi alipewa mwenzake mmoja wa chuo kile. Kila Jumanne asubuhi wangeonana kwenye skrini, waongee Kiingereza chao cha kuungaunga, wapeane vipimo, kisha kila mmoja amshonee mwenzake vazi moja. Mavazi yangetumwa kwa posta, na siku ya mwisho kila mtu angevaa lake mbele ya kamera. Vazi hilo ndilo lingekuwa mtihani wa vitendo.

Hapo nikamhofia mwanafunzi wangu mmoja, Kobe. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya mwendo wake: wao wakifika kwenye kola, yeye bado anahangaika na mkasi. Mtihani huo alishaufeli mara mbili, na akifeli mara ya tatu, afungashe virago. Mama yake alikuja ofisini kwangu mwanzoni mwa muhula, akakaa pembeni ya kiti. "Mwalimu, huyo ni mwanao," aliniambia. "Mkaripie utakavyo, ila usimwache." Nilimuahidi. Kukaripia nilikuwa nakuweza.

Jumanne ya kwanza nilizunguka nyuma ya viti nikinung'unika. Kila skrini ilikuwa na uso, mabega, na swali la "unanisikia?" Mwenzake Kobe alikuwa binti wa nywele fupi anayeongea haraka kuliko cherehani. Nikajisemea, hawa wataelewana wapi? Lakini wiki ya pili niliwakuta wanacheka mpaka machozi, na nikaona wivu, kwa sababu mbele yangu Kobe hakuwahi kucheka.

Wiki ya tatu wakaleta karatasi za vipimo. Ya Kobe ilikuwa na vipimo vya suruali, na chini kabisa alikuwa ameandika kwa penseli: "Vyote vimechukuliwa akiwa amekaa."

Damu ikanipanda kichwani. "Kobe! Nani kakufundisha kumpima mtu akiwa amekaa?"

"Mwalimu, yeye..."

"Yeye nini? Mvivu? Mwambie ainuke! Hata malkia akija hapa atasimama."

Darasa likaangua kicheko. Kobe akaichukua karatasi yake, akarudi kwenye kiti chake. Mimi nikadhani nimemfundisha kitu.

Suruali ilipofika mezani kwangu nilishika kichwa. Kiuno cha nyuma kilipanda mno, cha mbele kimeshuka chini ya kitovu. Miguu ilikuwa mirefu kupita kiasi. Mifuko ya nyuma haikuwepo; badala yake kulikuwa na mfuko mmoja juu ya paja. Mshono wenyewe, nakiri, ulikuwa safi, hakuna uzi uliotoroka. Lakini mkato ulikuwa kichekesho. Nikaandika kwa wino mwekundu: thelathini na nane. Kufaulu ni hamsini.

"Na hii haiendi posta," nikasema. "Sitaki aibu ng'ambo."

Kobe, ambaye hajawahi kunijibu, akasimama. "Mwalimu, nipe hata sifuri. Lakini suruali iende. Anaisubiri."

Sijui nini kilinilegeza. Nikaitupia kwenye boksi pamoja na zingine.

Siku ya kuonyesha mavazi, Mkuu alikuja na tai mpya. Skrini kubwa ilikuwa ukutani, karatasi ya alama mapajani kwangu, haijakabidhiwa bado. Kobe akaitwa, akapita mbele na shati alilotumiwa na mwenzake. Mfuko wa kifuani ulikuwa upande wa kulia. Nikaanza kutabasamu, kumbe nao ng'ambo wanakosea! Kisha Kobe akaingiza mkono wa kushoto kwenye ule mfuko, akatoa mkasi mdogo, akakata uzi hewani, chap. Mkasi huo, uliotumwa pamoja na shati, ulikuwa wa watu wa mkono wa kushoto.

Kobe hutumia kushoto. Mimi nilikuwa naye miaka mitatu, namkaripia kwa kuchelewa kwake, na mkasi niliompa siku zote ulikuwa wa kulia. Yule binti alimwona kwa Jumanne chache tu, tena kwenye kioo.

Kisha ikawa zamu ya mwenzake. Skrini ikaonyesha mlango, na binti wa nywele fupi akaingia kwenye kiti cha magurudumu. Akaja mpaka katikati, akajizungusha mara moja ili tuone. Kiuno hakikushuka nyuma. Mbele hapakujikunja. Pindo lilitua sawasawa juu ya kiatu, na simu ilikuwa kwenye mfuko wa paja, inachukulika bila kujipinda. Akasema hiyo ndiyo suruali ya kwanza iliyoshonwa kwa ajili yake. Nyingine zote alizowahi kuvaa zilikuwa za watu wanaosimama.

Nikamkumbuka mama yangu. Miaka sita ya mwisho alikuwa kwenye kiti kama hicho, na mimi, fundi ninayesifiwa mji mzima, nilimshonea magauni ya mtu anayesimama. Alikuwa akivuta nyuma, anavuta mbele, nami namwambia, "Mama, tulia, unalikunja." Hakuwahi kulalamika. Nililia mbele ya wanafunzi wangu, na haya sikuona.

Watu walipotawanyika nikamwita Kobe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza, Mwalimu."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliniuma. Mdharau mwiba guu huota tende. Mimi niliudharau mstari mzima wa penseli. Nikaifungua karatasi ya alama, nikakata thelathini na nane, nikaandika tisini na moja. Nikamwonyesha.

"Na tisa zilizobaki?" akauliza.

"Pindo la kushoto limezidi kidogo. Usinizoee."

Akacheka. Mbele yangu, kwa mara ya kwanza.

Jumanne iliyofuata, skrini zikiwa zimezimwa, nilivuta kiti changu mpaka mbele ya ubao, nikakaa. Darasa likasubiri nimkaripie mtu. Nikamwita Kobe, nikauvua utepe wa kupimia shingoni mwangu, nikamkabidhi.

"Nipime gauni," nikamwambia. "Hapa hapa nilipokaa. Na waeleze wenzako kila unachofanya. Mimi nimenyamaza."