Foleni ya Ndoo za Bure

Kwa miaka sita Iida Kettukangas alikuwa akitafuta ushahidi kwamba mama yake hakufundisha bure. Kwenye karatasi, bila shaka, hakuandika hivyo. Aliandika kwamba tasnifu yake ya udaktari inachunguza kama elimu ya mlaji inayotolewa shuleni humsaidia mtu mzima asinaswe na matangazo ya madukani. Lakini watu mia mbili na kumi na wawili aliowapelekea dodoso walikuwa wote wa mji aliozaliwa, Kivisalmi, na wote walifundishwa sayansi kimu na mwalimu mmoja, Raili Kettukangas. Miaka thelathini na moja mama huyo aliwafundisha watoto wa mji ule kusoma maandishi madogo chini ya tangazo, na kujiuliza mara tatu, "Hiki nakihitaji?", kabla ya kuingiza mkono mfukoni.

Majibu yalikuja matamu. Watu tisa kati ya kumi walitia alama kwenye kisanduku kinachosema hawajawahi kupanga foleni kwa ajili ya kitu cha bure. Hapa tunazungumzia Finland, ambako duka jipya likitangaza kugawa ndoo za plastiki, watu hudamka kama wanawahi ndege. Mtu mwingine angeyatilia shaka majibu hayo. Iida, maskini, alifurahi.

Aliyeshtuka ni msimamizi wake, Profesa Torvinen, mwanamke mfupi asiyeamini majibu yaliyonyooka kupita kiasi.

"Mfini asiyetaka ndoo ya bure mimi sijamwona bado," alimwambia. "Jumatatu kazi inakwenda kwa wakaguzi. Jumamosi nenda kasimame mahali, uwaangalie watu kwa macho yako mwenyewe."

Jumamosi hiyo ya Aprili duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa linafunguliwa pembeni mwa Kivisalmi: ndoo za bluu kwa watu mia tano wa kwanza, kahawa na soseji kwa wote, milango saa mbili asubuhi. Iida alifika saa kumi na mbili na nusu, theluji ya mwisho imeshageuka tope, akakuta foleni imekipita kituo cha mafuta. Watu walisimama kimya, kila mmoja kampa mwenzake nafasi ya kutosha kulaza baiskeli. Akamwendea mzee aliyekuwa wa kwanza.

"Samahani, baba, naomba dakika mbili tu..."

"Mwisho wa foleni uko kule, binti."

"Mimi sitaki ndoo. Nafanya utafiti."

"Mwaka jana kuna mmoja alisema anamtafuta mkewe," alisema mzee, na nyuma yake watu sita wakasogea kuziba nafasi.

Katika nchi ile unaweza kumsema rais hadharani na ukalala usingizi wako, lakini ukiingilia foleni hutapata wa kukutetea. Iida akaenda mpaka mwisho, akajipanga. Mwanamume mpana aliyekuwa mbele yake akageuka. Alikuwa Jarkko Pöysti, fundi bomba, waliyekaa naye dawati moja darasa la saba.

"We Iida! Na wewe umefuata ndoo?"

"Jarkko! Si ulijibu dodoso langu kwamba hujawahi kupanga foleni hata siku moja?"

"Sasa ulitaka niseme nini? Unaniletea karatasi yenye nembo ya chuo kikuu, chini yake jina la ukoo la Mwalimu, halafu unaniuliza kama alichonifundisha kimeniingia. Nimwangushe Mwalimu?"

"Useme ukweli!"

"Ukweli si ndio huu umesimama hapa?" Jarkko akacheka. "Usijali, siko peke yangu." Akaanza kumwonyesha kwa kidevu: Mervi wa maktaba, mapacha wa duka la maua, mchungaji wa kanisa. Wote walikuwa miongoni mwa wale tisa kati ya kumi. Mchungaji alimpungia mkono kwa aibu.

Iida akaanza kuwahesabu watu anaowajua, na alipofika kwenye koti la kijani lililosimama karibu na mlango, akaacha kuhesabu. Koti lile alilituma yeye mwenyewe kwa posta wakati wa Krismasi, kwa mama ambaye kila Jumamosi alisema yuko bwawani anaogelea. Jarkko ghafla akawa na shughuli kubwa ya kutazama viatu vyake.

"Nenda," alinong'ona. "Nafasi nakushikia."

Raili alimwona akija, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Mama."

"Umekosea mtu," alisema Raili, kisha akaona haya kwa uongo mbovu namna ile. "Iida, mwanangu. Nilikuwa napita tu."

"Na kiti cha kukunja? Na chupa ya kahawa?"

"Miguu inauma."

"Unazo ngapi nyumbani?"

"Ndoo? Chache."

"Mama!"

"Kumi na tisa. Lakini mbili nazitumia."

Iida alipandwa na hasira kweli. "Miaka sita naandika kwamba ulichofundisha kinafanya kazi. Miaka sita! Keshokutwa kazi inakwenda, na wewe mwenyewe umekaa hapa unasubiri plastiki!"

Foleni nzima ikawa inatazama mawingu, na hakuna aliyepitwa na neno.

"Usimgombeze Mwalimu," alisema Mervi. "Sisi wengine tunamfuata yeye. Tutamwona wapi? Nyumbani kwa mtu huingii bila kualikwa, na yeye kualika hajui. Hapa tunampata saa mbili nzima."

Kama kumthibitishia, mmoja wa wale mapacha alisogea, akamwonyesha Raili simu yake. "Mwalimu, hebu nisomee hili tangazo la jokofu."

"Shuka chini. Chini zaidi. Umeona? Malipo ni nafuu miezi mitatu tu, kisha yanapanda. Achana nalo."

"Sawa, Mwalimu," alisema yule mwanamume wa miaka arobaini, akarudi mahali pake.

Iida aliinama, akateremsha sauti. "Sikiliza, Mama. Walitia alama wenyewe, mimi sikughushi kitu. Nikiiacha kazi kama ilivyo, hakuna atakayejua."

Raili alivua miwani, akaifuta taratibu, na Iida akajiona yuko darasa la saba.

"Hakuna atakayejua," alirudia mama yake. "Kila muuza mazulia mabovu niliyewaonya juu yake alikuwa na maneno hayo. Kasoro ya mali yako umeiona, na bado unataka kuiuza?" Akavaa miwani. "Acha niaibike mimi. Toa kalamu, uniulize."

Iida aliiaga miaka yake sita pale pale, na ilimuuma. Kisha akamwandikia profesa ujumbe kwamba Jumatatu haiwezekani, majibu yote ni ya adabu tu. Torvinen alijibu papo hapo: "Nilijua. Niletee ndoo."

Akaligeuza dodoso upande usio na visanduku.

"Kwa nini umekuja hapa leo?"

Raili alifikiri. "Kwa sababu hapa mtu akikuuliza hali, anasubiri jibu. Andika. Na mimi nina swali. Mara ya mwisho wewe kuja nyumbani ilikuwa lini?"

Iida alikuwa na takwimu za watu mia mbili na kumi na wawili kichwani, na hii hakuwa nayo.

"Mwezi wa nane," alisema mwishowe.

"Wa nane. Na sasa ni Aprili." Hakuwa na hasira, alisema kama anayesahihisha daftari. "Liandike na hilo. Ni sehemu ya jibu langu."

Iida aliona aibu kuliko alivyowahi kuona mbele ya profesa yeyote, na alilia kidogo bila kujificha. Akainamisha kichwa, akaanza kuandika. Milango ya duka ikafunguliwa, muziki ukapigwa, kijana mwenye fulana ya bluu akapaza sauti kuwakaribisha, na katika foleni yote ile hakuna aliyesogea hata hatua moja mpaka Iida alipomaliza kuandika.