Siku Kumi na Nne za Mama Yake Salma

Katika Doha yote hapakuwa na mtu aliyeyajua matumbo ya binadamu kama Bi Sabra. Ndivyo alivyojisifu mwenyewe, mkono kiunoni, mbele ya yeyote aliyekubali kusimama kumsikiliza. Miaka kumi na tisa alikuwa akiyapima kwa futi yake ya kushonea katika kiduka cha abaya pale Al Mansoura, ya mabibi harusi na ya wajane, yaliyovimba na yaliyokauka. "Nikilitazama tumbo tu, nimemjua mwenyewe," alisema. Kisha akakohoa kidogo. "Ila hili langu. Gauni la Idi nimejipima mwenyewe, nimekata mwenyewe, nimeshona mwenyewe, na limegoma hapa kifuani, halishuki."

Tumbo lililomtia matatani, hata hivyo, lilikuwa la Salma.

Salma alikuwa mtu wa Tanga, wa miaka thelathini na sita. Yeye na Bi Sabra walikaa chumba kimoja, na kazi yake ilikuwa kufua mashuka katika hoteli moja kule Al Sadd. Alikuwa mnene, na si unene wa kutaniana, ni ule wa magoti kulia kila ngazi. Miezi minane nyuma alifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo. Likabaki la kadiri ya yai la kuku, na kilo arobaini zikaenda zilikokwenda.

Siku ya kumruhusu, daktari, Msudani mmoja mpole, alimwambia neno moja mara tatu: maji. Lita mbili kila siku, funda kwa funda, tangu anapoamka mpaka anapolala, kwa sababu tumbo dogo vile halipokei jagi kwa mpigo. Asipokunywa, mkojo utakuwa mzito, na kwa mtu aliyekatwa tumbo mkojo mzito hujenga mawe ndani ya figo.

"Mkojo uwe kama maji yaliyokamuliwa ndimu," daktari akasema. "Ukiuona kama chai, tayari umechelewa."

Kazi hiyo Bi Sabra akaichukua yeye. Alifunga nyuzi nyekundu kuizunguka chupa ya Salma, mmoja wa asubuhi, mmoja wa adhuhuri, mmoja wa alasiri, na wa mwisho karibu na kitako.

"Huu wa pili maji yawe chini yake kabla hawajaadhini adhuhuri," alimwonya. "Yakiwa juu, nakuja huko hotelini kukufulia mimi hayo mashuka. Na mimi sijui kufua. Watakufukuza."

Salma alicheka kwa adabu tu. Kucheka hasa kulikuwa kumemtoka, na sababu Bi Sabra aliijua nusu.

Mama yake hakuambiwa habari za operesheni. Salma alimdanganya kwamba anakwenda kwenye mafunzo ya hoteli ambako simu haziruhusiwi, ili bibi wa watu asipate wasiwasi. Siku ya nne, akiwa bado na mirija, mama akafariki kule Tanga. Salma alipowasha simu alikuta sauti mbili. Moja ya kaka yake, ya msiba. Nyingine ya mama, ya siku moja kabla, pumzi zikikatika:

"Salma mwanangu, mafunzo yakiisha unipigie. Ramadhani ile nilikula siku kumi na nne, miguu ilivimba. Nikiondoka utanifungia. Usinisahau."

Daktari hakumruhusu kupanda ndege. Mama akazikwa bila yeye.

Sauti ile aliisikiliza miezi saba. Ramadhani nyingine ikaja, akaila yote kwa amri ya daktari, na hilo nalo likamkaa rohoni. Mwezi wa saba, joto la Doha limefika pale ambapo hata kivulini mtu anaungua, Salma akaanza kufunga. Hakumwambia mtu. Jioni chupa ilirudi tupu, na Bi Sabra akimpigia vigelegele: "Hongera mwanangu, ngamia haoni ndani!" Kumbe maji yote yalikwenda kwenye sinki la chumba cha kufulia. Magharibi mtu mwingine hufungua kwa jagi zima akafidia kiu ya kutwa. Salma akipiga mafunda matatu, tumbo limejaa.

Alifunga hivyo siku tano. Asubuhi ya sita, akivaa sare, alianguka magoti kando ya kitanda, ubavu kaukumbatia.

"Bi Sabra, nachomwa kisu!"

Aliyembeba mpaka kwenye teksi ni Damaris, dada wa Kikenya aliyepanga chumba cha pili, mlinzi kule Lusail, aliyemwita Bi Sabra shosho, yaani bibi.

"Shosho, shika mlango! Nguo utachagua baadaye, twende!"

Ilikuwa ni jiwe. Lilitoka lenyewe siku ya pili, kwa kilio ambacho Bi Sabra hakuwahi kukisikia hata kwa wanaojifungua. Yule daktari Msudani alikuja akasimama miguuni pa kitanda.

"Hili limekuhurumia. La pili linaweza kuziba njia, na figo yako ya kushoto imeshachoka. Niambie kweli, unakunywa maji?"

Salma aligeukia ukutani. Daktari alipotoka ndipo akasema yote, kuanzia ile sauti mpaka lile sinki.

"Toa mchele," Bi Sabra akamwambia. "Kibaba kwa kila siku, apewe masikini. Mama alikuwa mgonjwa, dini imempa nafasi. Muulize shehe yeyote."

"Hakusema mchele. Alisema utanifungia."

"Alikuwa hajui kama umekatwa tumbo!"

"Hajui kwa sababu nilimdanganya."

Bi Sabra, ambaye angeweza kubishana na mashine ya tiketi, akaitazama dripu ikidondoka.

"Zimebaki tisa," Salma akasema. "Nikitoka hapa namalizia."

"Nipe mimi."

"Nikupe nini?"

"Idhini. Hizo tisa nitamfungia mimi. Wewe kunywa maji."

"Kweli Bi Sabra? Wallahi?"

"We mtoto, mimi naonekana mtu wa kuchezea mambo ya marehemu?"

Na siku hiyo alimaanisha. Kesho yake alikula daku, akatia nia, akaenda dukani. Isipokuwa Bi Sabra alikuwa na kisukari cha miaka kumi na mmoja, ugonjwa ambao alipenda kuusahau kama deni la jirani. Kufika saa sita alikuwa ameshonea mkono wa abaya kwenye shingo. Saa saba sindano ya cherehani ilipita kwenye ukucha wake asihisi kitu. Alipozinduka alikuwa sakafuni, na mwenye duka anammiminia juisi ya embe mdomoni. Alibaki amekaa pale katikati ya vitambaa vyeusi, utamu ukimshuka kooni, akamlilia mwanamke wa Tanga ambaye hakuwahi kumwona hata kwa picha.

Jioni Salma, ametoka hospitali, alimpokea mlangoni. "Umeshindaje, Bi Sabra?"

Bi Sabra akaiona chupa mkononi mwake. Maji yalikuwa chini ya uzi wa mwisho.

"Salama, mwanangu. Moja hiyo."

Ikawa mbili, ikawa tatu, ikawa sita. Kila magharibi alikaa mkekani akazikabili tende kwa njaa ya kuigiza. Rangi ya Salma ilikuwa inarudi, midomo imeacha kupasuka, na hilo lilimuuma Bi Sabra kuliko sindano, maana uongo ndio uliokuwa ukimponya. Akiwa peke yake chooni alinong'ona: "Mama Salma, nivumilie. Mwanao anakunywa."

Siku ya tisa Salma aliomba ruhusa kazini, akarudi mapema, akapika muhogo wa nazi na samaki, futari ya kwao. Akatandika mkeka, akapanga sahani, akamshika Bi Sabra mkono.

"Leo nimemwambia mama. Kule jikoni, kwa sauti. Nimemwambia nilikatwa tumbo, nilimficha, anisamehe. Na siku zake zinaisha leo, kafunga Bi Sabra."

Bi Sabra alizitazama tende. "Kakujibu nini?"

"Bi Sabra nawe!" Salma akacheka. Kicheko kile, tangu msiba, ndicho cha kwanza.

Mlango ukasukumwa. Damaris aliingia, kofia kichwani, miwani mkononi.

"Shosho, umesahau miwani kwa yule Mhindi wa chai na chapati! Nimepita kununua chai, wakanipa." Akauona muhogo. "Ai! Na bado unakula? Huyu shosho ana tumbo, jamani. Saa saba tumemaliza chapati nne, tatu zake!"

Msikiti wa jirani ulikuwa bado haujaadhini.

"Nimesema nini?" Damaris akauliza.

"Hujasema kitu, mwanangu," Bi Sabra akasema haraka. "Unachanganya tu. Ilikuwa jana."

"Jana nilikuwa kazini, shosho. Leo ndiyo niko ofu."

"Hata jana," Salma akasema polepole, "ulikuwa umefunga."

Akauachia ule mkono. Akachukua simu, akafungua saa ya kuamsha, akaanza kuitega kengele ya daku. Kidole kikabaki hewani.

"Nitege asubuhi ngapi? Umemfungia ngapi mama yangu?"

Bi Sabra alitaka kusema nane. Nane ilikuwa imeshafika ulimini. Lakini Salma aliinua uso, na ile nane ikarudi ilikotoka.

"Nusu," akasema.

"Nusu ya tisa?"

"Nusu ya moja, mwanangu."