Kikohozi cha Murugi

Murugi alimpeleka mwanawe mchanga kwenye zahanati ya Giakanja apate chanjo ya kifua kikuu. Sindano ilikuwa tayari Murugi alipokohoa. Muuguzi Kathambi akaiweka chini.

"Unakohoa tangu lini, mama?"

"Mwezi wa pili sasa. Niko na homa tu."

"Basi leo hatumchanji mtoto. Kwanza tupime makohozi yako."

Wengi walikuwa wamemsikia akikohoa. Muuguzi huyu peke yake ndiye aliyeuliza. Majibu yakaonyesha kweli ilikuwa TB, kifua kikuu. Murugi akaanza matibabu, na mtoto, ingawa hakuwa na dalili, akapewa dawa ya kinga kwa miezi sita. Chanjo ikangoja, maana dawa hiyo ingeua vijidudu hai vilivyomo ndani yake. Kila Ijumaa Kathambi alipanda kilima hadi nyumbani kwao kuwaona. Siku mtoto alipochanjwa alilia kwa nguvu, na Murugi akamshika muuguzi mkono, asitake kuuachilia.