Kifyatulio Chepesi

Jumamosi moja mwishoni mwa Septemba, Verla Tolman alikuwa amekaa mezani akipima unga wa mkate, mwanawe Dallin akauondoa unga kwenye mizani na kuweka komeo la bunduki, lile la kufungia risasi, mahali pake. Ilikuwa mizani ya jikoni, yenye sahani ya bati na mshale mmoja. Dallin aliinama akausoma mshale. Akalitoa komeo lile la chuma, akaweka jingine la titani, lililotobolewa mashimo kama filimbi. Mshale ukajivuta kidogo tu, ukasimama.

"Umeona, mama? Jepesi kama biskuti."

Kiti alichokalia Verla kikatoa mlio. Mguu mmoja ukapasuka, naye akashuka hadi sakafuni polepole, bakuli la unga likiwa bado mapajani.

"Pole, mama," Dallin akasema, akamletea kiti cha chuma kilichokuwa kimewekwa kando ya jiko kwa kazi hiyo.

Katika bonde lile la Idaho kila mtu alijua kwamba uzito haupotei, unahama. Wanaume waliwinda juu kabisa, kwenye tuta la mawe ambako elki, mnyama mkubwa kama pofu, huvuka baridi inapoanza. Walipanda kwa miguu, kwa hiyo kila wakia ya bunduki waliigombania. Na kila wakia waliyoitoa ilimwendea mwanamke anayemsubiri mwenye bunduki: mkewe kama anaye, mama yake kama hana. Ikifika kwake haikuwa wakia tena. Ndiyo maana kanisani, upande wanaokaa kina mama, sakafu ilikuwa imewekewa nguzo mpya kwa chini, na ndiyo maana kila vuli daktari wa kliniki aliifunika mizani yake kwa shuka. Mwindaji akirudi salama, uzito humtoka mwanamke kidogo kidogo, kama maziwa ya mama aliyeachisha. Asiporudi, humtoka mara moja.

Verla aliijua hiyo ya pili. Dallin alipokuwa bado wa kushikwa mkono, mumewe Orrin alipanda mlimani na mdogo wake, Rulon. Verla alikuwa akisuuza vikombe, ghafla visigino vyake vikaachana na sakafu. Alimaliza kikombe alichokuwa nacho, akakiinamisha juu ya kitambaa, akashika ukingo wa sinki asipande zaidi. Sherifu, mkuu wa polisi wa bonde, alipofika alimkuta keshavaa nguo nyeusi.

Bunduki ya Rulon ilikuwa imefyatuka wakiwa kwenye tuta, Orrin mbele, yeye nyuma. Tawi lilinasa kifyatulio, Rulon alisema. Sherifu akasema tawi. Askofu naye akasema tawi, juu ya jeneza. Thelda, mke wa Rulon, alimkumbatia Verla akamwambia, "Lilikuwa tawi tu, dada." Na kule kwenye tuta hakuna mti. Kuna mawe, na majani ya kufika kifundoni, basi. Kila mtu bondeni amefika kule na kila mtu anajua.

Majira yote ya baridi yaliyofuata Verla alitembea na vyuma vya bunduki kuukuu ya Orrin mfukoni mwa aproni, komeo na kifyatulio, ili miguu iguse chini. Baadaye hakuvihitaji tena. Hakuvitoa hata hivyo.

*

Karakana ya Rulon ilikuwa nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya uzio. Verla alimfuata Dallin huko siku hiyohiyo, bila kualikwa, akikanyaga pembeni mwa njia palipotandikwa mawe bapa kwa ajili ya wanawake wa vuli.

Rulon alikuwa ametandaza taulo mezani, na vipande vya bunduki vimelala juu yake kama kuku aliyekatwa kwa wageni. Kulikuwa na mtutu mwembamba uliofungwa nyuzi za kaboni, kitako cha nyuzi hizohizo kilicho tupu ndani, darubini fupi, na skrubu za titani kwenye kikombe cha chai.

"Karibu, shemeji. Usikae hapo, hicho ni cha mbao. Kaa kwenye matofali."

"Nitasimama."

"Simama, ila saruji yenyewe ni ya juzi."

Rulon hakuwa mtu mbaya. Tangu kaka yake afe, kila vuli alimpasulia Verla kuni na kuzipanga ukutani bila kuambiwa. Na ufundi aliujua. Dallin alipoushika mtutu mwembamba kuliko wote, Rulon alimpokonya.

"Huu hapana. Mtutu mwembamba kupita kiasi ukipata moto, risasi ya tatu inakwenda kwa jirani. Chukua huu ulioshiba kidogo. Ukitaka kupunguza, punguza kwenye kitako. Punguza kwenye darubini pia. Unawinda elki wewe, huhesabu nyota."

"Na kasha la risasi, baba mdogo?"

"La plastiki. Kwani unakwenda vitani?"

Dallin akachagua kitako, na Verla akasikia magoti yake yakishuka kama ya mtu aliyetwishwa gunia. Akachagua darubini, na mabega yakafuata. Saruji ikapiga ufa mwembamba kutoka kwenye kisigino chake hadi mlangoni. Hakuna aliyeutazama.

"Bado kifyatulio," Rulon akasema, na sauti yake ikashuka kidogo, kama ya mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Aliweka viwili juu ya taulo. Kimoja kilitaka kidole kivute ratili nne ndipo bunduki ilie. Cha pili kilitaka ratili moja, pengine na kipande. Ukiviweka kwenye mizani vilikuwa karibu sawa. Lakini wepesi wa kidole nao ni wepesi, nao huhama, na wanawake wa bonde lile walisema huo ndio mzito kuliko wote.

Verla akatia mkono kwenye aproni, akakitoa kifyatulio cha Orrin, cheusi kwa mafuta ya zamani, akakiweka kati ya vile viwili.

"Mwekee hiki."

Rulon akakijaribu kwa kidole gumba. "Shemeji, hiki ni cha kufungulia geti la ng'ombe. Mpaka kikubali, elki keshazeeka, kajukuu kake kamekuja kumzika."

Dallin akacheka. Ana kicheko cha baba yake, kinachoanzia puani.

"Hiki hakiogopi matawi," Verla akasema.

Rulon akachukua kitambaa akaanza kuufuta mtutu, ambao ulikuwa safi tayari. Aliufuta pande zote, akaurudia.

"Basi niahidi jambo moja," Verla akamgeukia mwanawe. "Mkiwa mnapanda, chemba iwe tupu. Mpaka umwone mnyama kwa macho yako ndipo uingize risasi. Niahidi."

"Kupanda tuta na chemba tupu," Rulon akasema, kama anayezungumza na mtutu, "ni sawa na kwenda kuposa umefunga mdomo. Elki anakupa kufumba na kufumbua tu. Huku kwetu sote tunapanda na risasi ndani, shemeji. Baba yangu alipanda hivyo. Orrin mwenyewe alipanda hivyo."

"Na Orrin yuko wapi?"

"Mama." Dallin alisema taratibu, kama anavyomtuliza farasi. "Naahidi. Chemba tupu. Umeridhika?"

Macho yake yalikuwa juu ya taulo. Akakiokota kile chepesi, akakigusa kwa ncha ya kidole, hata hakuvuta. Kikalia kt, kama kucha ya paka kwenye sahani.

Saruji ikafunguka chini ya Verla kwa upole, kama unga, naye akazama hadi vifundoni. Rulon akamshika mkono huu, Dallin ule, lakini hakutoka mpaka walipoleta jeki ya gari.

"Nilisema ni ya juzi," Rulon akasema, akipangusa viatu vyake.

*

Nyumbani kwa kina Tolman kulikuwa na benchi la kusubiri. Babu yao alilichonga kwa ubao mmoja mrefu, miguu yake yote ikiwa katikati, ili wasiweze kulikalia ila wanawake wawili, mmoja kila ncha, na mmoja akiinuka mwenzake aanguke. Alisema siku ya kwanza ya msimu, wanawake wa nyumba moja wasiachane.

Siku hiyo ilipofika Dallin na Rulon waliondoka na gari kabla ya kifungua kinywa, na kulipokucha vizuri Thelda alikuja kwa Verla. Wakahesabu pamoja, wakaketi kwa wakati mmoja. Ubao ukapinda, ukatulia. Kila mmoja alikuwa na kakao yake, na kutazama dirishani kulikuwa mwiko.

"Umefikia wapi mwaka huu?" Thelda akauliza.

"Daktari kafunika mizani."

"Mimi nimevunja kitanda. Rulon ananiambia nikalale na farasi. Nikamwambia, farasi kakosa nini?"

Walicheka kwa uangalifu, kwa sababu ya ubao.

Verla akamweleza habari ya ahadi, chemba tupu. Thelda akasema Dallin ni mtoto mwema. Verla akasema ni mwema, ndiyo. Theluji ndogo ilianza kuanguka, ikaacha. Kakao zikapoa. Verla alikuwa akiusikiliza mwili wake kama mja mzito anayengoja mtoto acheze: magoti mazito, vizuri. Mgongo mzito, vizuri. Kila mara aliposikia uzito wake alimshukuru Mungu.

"Dada," Thelda akasema, akitazama ndani ya kikombe. "Siku ile ya Orrin. Nilikwambia neno. Nami nilijua kwamba kule juu hakuna..."

Ncha ya Verla ikagonga sakafu.

Ilikuwa kishindo kimoja, sahani zikaruka kabatini. Thelda alikuwa juu, mwishoni mwa ubao uliosimama mshazari, miguu ikining'inia, kakao haijamwagika. Wakatazamana.

"Labda nimekaa vibaya," Thelda akasema.

"Kaa tena."

Akajisogeza mbele, akajikandamiza kwa mikono miwili. Ubao haukurudi.

Kitu cha kwanza kilichomjia Verla kilikuwa furaha. Ilimjaa kifuani ikiwa moto, kama mchuzi wa kwanza baada ya kujifungua. Yupo. Mwanangu yupo. Alikuwa mzito kuliko alivyopata kuwa maishani, na hakutaka apunguziwe hata wakia. Cha pili kilikuwa mkono wake, ambao ulinyooka ukamshika Thelda kwenye mkanda wa aproni kabla hajafika darini.

Akamshusha. Akamfunga mkanda kwenye mguu wa meza. Kisha akaleta ndoo ya viazi, kwa sababu watu wangekuja, na watu wakija kwenye msiba bonde lile hula viazi vya jibini vilivyookwa. Akaanza kumenya. Thelda alimtazama kidogo, akachukua kisu cha pili.

*

Dallin alirudi mchana na sherifu. Alisimama mlangoni, bunduki mpya begani, na ilikuwa nyepesi kweli, hata mkanda wake haukuacha alama kwenye koti.

Sherifu akavua kofia. "Tawi," akasema.

"Tawi, mama mdogo," Dallin akasema.

Thelda aliweka kiazi chini. "Mlikuwa wapi?"

"Kwenye tuta."

"Wewe ulikuwa nyuma?"

"Nyuma."

Swali lililobaki lilikuwa moja, la chemba, na humo ndani waliolijua walikuwa watatu. Thelda hakumtazama Dallin. Alimtazama Verla, akangoja, kama anayengoja mtu amalizie sentensi yake aliyoiacha njiani.

Verla akafuta mikono kwenye aproni. Aliona kidole cha mwanawe, kile cha kulia, kikijifuta kwenye mfuko, kikarudia.

"Lilikuwa tawi tu, dada," akasema.

Thelda akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatikisa tena. "Ndiyo. Matawi ya kule ni mabaya."

Jioni alipotaka kwenda kwake, Verla alimtilia komeo na kifyatulio cha Orrin mfukoni, kimoja kila upande. Nyayo za Thelda zikagusa chini.

"Nitakurudishia."

"Usirudishe."

Dallin akavaa kofia ili amsindikize.

"Tangulia wewe," Thelda akamwambia. "Mimi nitakuja nyuma."

Wakaenda hivyo kando ya uzio, kijana mbele, mjane nyuma ameshika waya.

Masika theluji ilipoyeyuka, uzito ulianza kumtoka Verla kidogo kidogo, kama unavyowatoka wote. Karakana aliichukua Dallin, akauziba ule ufa kwa saruji mpya. Vuli ilipofika akampasulia Thelda kuni na kuzipanga ukutani bila kuambiwa, na watu wakamsifu.

Mteja wake wa kwanza alikuwa Lavar, mwenye kiwanda cha mbao, aliyetaka bunduki ya kupandia tuta. Walichagua mtutu, wakachagua kitako. Verla alikuwa ameleta mkate, amesimama mlangoni na kikapu.

"Na kifyatulio?" Lavar akauliza. "Wewe wanishauri nini?"

Dallin alivitazama viwili vilivyokuwa juu ya taulo. Akakiinua kile kizito, akakirudisha. Verla aliufungua mdomo wake, akaufunga.

"Chukua chepesi tu, bwana," Dallin akasema. "Ila uwe macho na matawi."

Ng'ambo ya barabara, kwenye baraza la kina Lavar, kiti cha mkewe kikavunjika. Mke wa Lavar akainuka, akajipangusa sketi, akaingia ndani kutafuta cha chuma.